Kisu cha springi cha Kijerumani ulichorithi: kusoma chapa inapokataa kusomeka

Binamu yangu wa Tanga alinitumia picha nne kwa WhatsApp usiku, zote zimetikisika. Kisu cha marehemu babu kilikutwa kwenye sanduku la bati, chini ya risiti za kodi ya kichwa: mpini wa pembe, na bapa linaloruka lenyewe ukibonyeza kichuma fulani juu ya mpini. "Kaka, hiki babu alimnyang'anya Mjerumani vita ya kwanza," akaandika. "Nimetafuta kampuni ya Solingen mtandaoni siioni. Kinaweza kuwa bei gani?"

Bei niliiweka kando. Katika ujumbe ule mfupi mlikuwa na makosa mawili ambayo karibu kila mrithi wa kisu cha namna hii huanza nayo: kudhani Solingen ni kampuni, na kuamini hadithi ya ukoo kabla ya kusoma chuma. Yafuatayo ndiyo niliyompitisha, nimeyapanga kwa malalamiko watu wanayokuja nayo.

Kwanza, kabla hakijakukata

Visu vingi vya springi vya Solingen havina kitufe. Vina wenzo, kipande kidogo cha chuma kilicholala juu ya mpini karibu na pale bapa linapoanzia. Ukiwa umelala, kisu kimetulia. Ukiusimamisha na kuubonyeza, pini iliyoshikana nao huchomoka kwenye tundu la msuka, na springi iliyofichwa ndani ya mpini hulisukuma bapa nje. Msuka, kwa asiyelijua neno hili, ni kile kitako cha bapa kinachoingia mpinini. Una matundu mawili, moja la kukishika kisu kikiwa kimefungwa, jingine kikiwa wazi. Matundu hayo hulegea kwa miaka, kwa hiyo kisu kikongwe kinaweza kuruka bila kuombwa.

Kishike mbali na uso, vidole visipite upande bapa linapotokea, kifungue mara moja tu, kisha kiache wazi mpaka umalize kukagua. Kukifyatua na kukifunga mbele ya wageni ndiko kunakovunja springi, na springi ya mwaka 1930 huikuti Kariakoo.

"Hakina maandishi popote"

Mara nyingi yapo. Sababu ya kwanza ni kwamba mtu anakitazama kisu kikiwa kimefungwa au nusu wazi. Chapa hupigwa kwenye msuka au chini kabisa ya bapa, na sehemu hiyo huonekana vizuri pale tu kisu kinapokuwa wazi kabisa na bapa limeshikwa na pini. Angalia pande zote mbili: mara nyingi upande mmoja una mtengenezaji, wa pili una aina ya chuma au namba ya kulinda uvumbuzi.

Sababu ya pili ni uchafu. Mafuta yaliyoganda na kutu nyembamba hujaza herufi mpaka zikawa sawa na chuma. Tone la mafuta ya cherehani, liache usiku kucha, kesho yake ufute kwa pamba na uchokonoe taratibu kwa kijiti cha meno. Kisha zima taa ya chumba, uwashe tochi ya simu na kuilaza pembeni, mwanga upite juu ya chuma kama jua la saa kumi na mbili jioni. Herufi zitainuka kwa vivuli vyake. Zikikataa, pakaa poda ya mtoto, futa juu kwa kidole kikavu: poda itabaki ndani ya herufi.

Msasa usiguse. Nasema hivi kwa aibu: kisu cha kwanza nilichosaidia kukisoma nilikipiga msasa laini "kidogo tu", na nilipomaliza kilikuwa kinang'aa vizuri sana na hakina jina. Mwenyewe alinishukuru, hakujua nimemtupia nini.

Sababu ya tatu haina dawa. Kisu kilichonolewa kwenye jiwe miaka arobaini hupoteza upana, na maandishi yaliyochorwa kwa asidi juu ya bapa ndiyo hufutika mapema. Ukiona bapa limekonda na ncha imezama ndani zaidi ya mdomo wa mpini kikifungwa, jua umechelewa kwa upande wa bapa. Geukia msuka, kwa kuwa huko chapa ilipigwa kwa nyundo na huzama zaidi.

"Kimeandikwa Solingen tu, sioni kampuni"

Solingen ni mji. Uko kando ya mto Wupper, magharibi ya Ujerumani, katika jimbo la Nordrhein-Westfalen, na umefua panga, visu, mikasi na nyembe tangu zama za kati. Kutafuta kampuni ya Solingen ni sawa na kuona mlango wa nakshi umeambiwa ni wa Lamu, ukaanza kumtafuta seremala anayeitwa Lamu.

Jina hilo lilipata ulinzi wa sheria yake lenyewe mwaka 1938, na kanuni ya 1994 iliendeleza ulinzi huo: hatua kuu za kutengeneza lazima zifanyike ndani ya eneo la Solingen, ambalo kisheria linajumuisha na mji jirani wa Haan. Kwa hiyo neno hilo linakuambia mahali na kiwango cha ubora. Haliwezi kukuambia nani.

Tena kazi ya Solingen haikuwa ya mtu mmoja. Huyu alifua, huyu alinoa, mwingine aliunga mpini na springi. Wanoaji wengi walifanyia kazi katika vibanda vyao kando ya Wupper kwenye magurudumu yaliyozungushwa na maji, wakalipwa kwa kipande. Ndiyo maana utakuta visu viwili vyenye mfanano wa kindugu, wenzo uleule, pembe ileile, majina tofauti. Mwili wa kisu peke yake ni shahidi dhaifu.

"Kuna picha, hakuna jina"

Hapa umepata bahati, maana nembo za Solingen ndizo zilizokuwa jina lenyewe kwa wateja wasiosoma Kijerumani. Mapacha wawili walioshikana ni J. A. Henckels, nembo iliyosajiliwa Juni 1731. Mti ni Böker, kampuni ya mwaka 1869. Jicho ni Carl Schlieper. Korongo wawili ni Robert Klaas. Piramidi ni Gottlieb Hammesfahr. Kuchakuro ni Carl Eickhorn, na hapo kuna mzaha wa lugha: mnyama huyo kwa Kijerumani ni Eichhörnchen, jina linaloligusa la ukoo.

Angalizo kwenye ukoo wa Herder. Shupaza, ileile ya karata, ni Friedrich Herder, ambaye chapa yake hujieleza "Abr. Sohn", yaani mwana wa Abraham. Kinu cha upepo ni Robert Herder, nyumba iliyoanza 1872. Majina ya ukoo Solingen yanajirudia kama akina Mohamed Ali wa kwetu. Atakayekuambia "ni cha Herder" bila kutaja picha hajakusaidia.

Mizani ilikuwa alama ya Alexander Coppel, iliyofupishwa Alcoso. Familia hiyo ilikuwa ya Kiyahudi na kampuni ilitoka mikononi mwao chini ya Wanazi.

Picha ikiwa nusu imefutika, usiikamilishe kwa mawazo. Ichore kwenye karatasi kama unavyoiona, hata kama ni mistari mitatu. Nimeona mtu akiona "mapacha" kwenye mikwaruzo miwili iliyosimama.

"Jina lipo, lakini halimo kwenye orodha yoyote"

Ondoa kwanza maneno yasiyo majina. *Gebr.* ni ndugu. *Söhne* ni wana. *Wwe.* ni mjane, na *Nachf.* ni mrithi wa biashara. *Ges. gesch.* maana yake imelindwa kisheria. *Handgeschmiedet* ni kufuliwa kwa mkono. *Gussstahl*, wakati mwingine kwa s mbili, ni aina ya chuma. *Rostfrei* ni kisichoshika kutu. Nimeletewa mara mbili swali kuhusu "kampuni ya Rostfrei".

Kilichobaki baada ya kuchuja kinaweza kuwa jina la duka. Wauzaji wa Hamburg, New York au kwingineko waliagiza visu Solingen na kutaka jina lao lipigwe kwenye msuka. Dalili ni jina lisilo na picha, pengine likifuatana na mji mwingine, huku neno Solingen likiwa dogo upande wa pili. Kisu hicho kina watu wawili, aliyekiuza na aliyekitengeneza, na ulichonacho ni jina la wa kwanza.

Ukiliona jina Hubertus, umefika kwa wenyewe. Ni chapa ya familia ya Ritter iliyoanza 1932, na visu vya wenzo ndivyo vilivyowapa umaarufu. Hubertus ni mtakatifu wa wawindaji. Kwa hiyo usishangae pembe ya kulungu wa Ulaya kwenye mpini, na wakati mwingine kizibuo cha chupa mgongoni: hiki kilikuwa kifaa cha mtu wa porini na wa pikiniki muda mrefu kabla sinema hazijakifanya cha wahuni.

"Chapa inabishana na hadithi ya babu"

Hapa ndipo tulipotumia muda mrefu na binamu. Picha mpya, baada ya mafuta ya cherehani, zilionyesha upande mmoja SOLINGEN GERMANY, na upande wa pili ROSTFREI, na chini yake herufi D.R.G.M. Jina la juu lilikuwa la duka. Hadithi ilisema vita ya kwanza, na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Tukazipitia alama moja moja.

Neno la nchi. Sheria ya Uingereza ya 1887 ndiyo iliyolazimisha bidhaa za kigeni kujitaja, na "Made in Germany" ikazaliwa kama onyo kabla ya kugeuka sifa. Marekani ilifuata kwa sheria ya ushuru ya 1890 iliyodai jina la nchi. Kwa hiyo kisu chenye GERMANY ni cha baada ya miaka hiyo, na kilitengenezwa kuuzwa nje. Cha kuuzwa nyumbani hakikuhitaji kujieleza. WEST GERMANY ni ya 1949 hadi 1990. Kinyume chake hakifanyi kazi: kukosekana kwa WEST hakumaanishi ni cha kabla ya vita, maana wengi baada ya 1949 waliendelea kupiga GERMANY tu. Na ukikuta Solingen pamoja na DDR, rudisha kisu kwa aliyekuuzia. Solingen haikuwahi kuwa Ujerumani Mashariki.

Herufi za ulinzi. D.R.P. ni hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya dola ya Ujerumani, kuanzia 1877. D.R.G.M. ni ulinzi mdogo wa umbo na utumiaji, uliowekwa na sheria ya 1891. Ulidumu miaka 3 na kuongezwa mara moja mpaka 6. Zote mbili zilikwisha na dola yenyewe 1945. Baada ya vita zikaja D.B.P. na D.B.G.M., B ikisimama badala ya R kwa kuwa nchi sasa ni shirikisho. Herufi moja tu hiyo inakitenganisha kisu cha 1935 na cha 1955. Ikiwa D.R.P. ina namba, ofisi ya hataza ya Ujerumani ina hifadhidata ya bure iitwayo DEPATISnet: weka namba, utaona mchoro wenyewe na jina la mvumbuzi. Kwa D.R.G.M. njia hiyo haifungukii kirahisi, lakini muda mfupi wa ulinzi unasaidia. Ingawa wapo waliopiga chapa hata baada ya ulinzi kuisha, hakuna sababu ya kuitangaza miaka ishirini.

Halafu ROSTFREI. Krupp, kampuni ya chuma ya Essen, walichukua hataza za chuma kisichoshika kutu mwaka 1912, na mafundi wa Sheffield, Uingereza, wakafika 1913. Vita ikaja, chuma kikaenda kwingine. Visu vya kawaida vya mfukoni vilianza kujivunia neno hilo katika miaka ya 1920. Mwanajeshi wa 1914 hangekuwa nacho. Lakini neno hili lisitumike peke yake kama ushahidi wa Ujerumani: visu vya springi vya Italia, hasa vya mji wa Maniago, vilipigwa Rostfrei na Inox ili watalii wa mataifa yote wafurahi. Kama mpini ni mwembamba mrefu, una masikio mawili ya chuma pale bapa linapotokea, na unafyatuliwa kwa kitufe, elekea Italia.

Kwa Henckels kuna kipimo cha ziada: neno FRIODUR ni la 1939 na kuendelea.

Jumla ya kisu cha binamu ikawa hivi: kabla ya 1945 kwa sababu ya R, baada ya 1920 hivi kwa sababu ya Rostfrei. Si cha vita ya kwanza. Alinuna kidogo. "Kwa hiyo Mjerumani alitoka wapi?" akauliza, na swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Wajerumani walifukuzwa Tanganyika baada ya vita, lakini kuanzia 1925 Waingereza waliwaruhusu kurudi, na wakarudi kwa wingi kwenye mkonge wa Tanga na kahawa ya kaskazini, mpaka 1939 walipokusanywa na kuwekwa kizuizini. Miaka kumi na minne hiyo inaingia kwenye chapa ya kile kisu kama ufunguo kwenye kufuli lake.

"Kina tai na swastika. Ni cha jeshi la Hitler?"

Mashaka kwanza. Alama hizo huzidisha bei, na kwa sababu hiyo hupigwa upya kila siku kwenye visu vya kawaida. Chapa halali ilipigwa kwa nyundo kabla chuma hakijapolishwa: sakafu ya herufi haiko sawa, na uchafu wa miaka uko ndani yake. Chapa ya leza au asidi ya juzi ina kina kimoja kila mahali, ukingo mkali, na mara nyingi imekata juu ya mikwaruzo ya zamani. Mikwaruzo ikipita *chini* ya herufi, herufi ndiyo mgeni.

Pia kumbuka kwamba kisu cha wanajeshi wa miavuli cha enzi hiyo, kilichotengenezwa na viwanda vya SMF na Paul Weyersberg miongoni mwa vingine, hakina springi ya kurusha. Unakiinamisha, unabonyeza wenzo, bapa linaanguka kwa uzito wake, moja kwa moja kutoka mbele. Mtu mwenye mkono mmoja ulionaswa kwenye kamba angeweza kukitumia. Ukiambiwa "cha miavuli" na bapa lake linazunguka kutoka ubavuni, hadithi imekwisha hapo. Vivyo hivyo RZM M7, iliyokuwa alama ya majambia ya vyama na vikosi vya Nazi. Kwenye kisu cha wenzo cha mfukoni haina kazi.

"Bapa linaonekana jipya, mpini mzee"

Limebadilishwa. Tazama ribiti ya mhimili: ikiwa inang'aa, au ina alama za nyundo kuzunguka kichwa, kuna fundi aliyepita. Chapa ya msuka hapo inalizungumzia bapa tu.

"Hakiruki, au kinaruka kivivu"

Si lazima springi imekufa. Mafuta ya kupikia, ambayo wazee wetu walipaka kila kitu, hugeuka gundi. Mafuta mepesi kwenye mhimili, siku mbili, bila kulazimisha. Bapa likitoka kwa nguvu lakini halishiki mwishoni, pini ya wenzo au tundu lake limelika, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye subira. Usikifungue mwenyewe: ribiti za pembe zikitolewa, pembe hupasuka, na kisu kilichopasuliwa hupoteza thamani kuliko kisichoruka.

Dalili moja huchukuliwa kwa wepesi. Kutu au ukijani unaoota karibu na mpini pekee, huku ncha ikiwa safi, pamoja na harufu kali kama kafuri au siki. Mpini huo si pembe, ni seluloidi inayooza, na gesi yake inakula chuma. Kitenge na visu vingine, kiweke penye hewa, mbali na moto, kwa maana seluloidi hushika moto upesi. Wale wanaopima kwa sindano iliyochomwa wasikufundishe kitu.

Ukitaka kumuuliza mwingine

Piga picha ya kisu kizima kikiwa wazi, kikiwa kimefungwa, pande zote mbili za msuka kwa mwanga wa pembeni, na rula kando. Andika urefu wa bapa kwa sentimita. Solingen kuna makumbusho ya visu, Deutsches Klingenmuseum, katika kitongoji cha Gräfrath, pamoja na nyaraka za mji. Hata hivyo mabomu ya tarehe 4 na 5 Novemba 1944 yalibomoa katikati ya mji ule, kwa hiyo usishangae kumbukumbu za jina fulani zikikosekana.

Usikitume wala kukibeba kabla ya kuuliza sheria. Marekani ina sheria ya shirikisho ya visu hivi tangu 1958. Uingereza ilivipiga marufuku kuviuza 1959, na tangu 2021 hata kukiweka nyumbani ni kosa. Ujerumani yenyewe ilivibana visu hivi mwishoni mwa 2024. Ndugu yako wa London asiombwe "akutafutie mnunuzi".

Binamu aliupeleka ufafanuzi wangu kwa shangazi, akitumaini atapata wa kumtetea. Shangazi alisikiliza yote, akauliza kisu kiko wapi, akakishika. "Vita ya kwanza?" akasema. "Baba kazaliwa mwaka kumi na sita. Hiki alipewa na bwana shamba kule kwenye mkonge, alipokuwa karani. Nyie mngeniuliza."